Mtu Aliyeyapa Maji Njia

Kuna watu ukiwakumbuka mate yanakujaa mdomoni, na si kwa tamaa. Wa kwangu ni mkaguzi niliyemwendesha miaka mingi kwenye barabara za Tabora. Jina lake nalijua lote mpaka la babu yake, lakini hapa halitatoka mdomoni mwangu. Ofisini walimwita Mkaguzi, vijijini walimwita Bwana Mkaguzi, na mimi nilimwita Mzee, kwa sababu dereva humwita bosi wake Mzee hata akiwa amemchoka. Yeye aliniita Dereva. Nilikuwa na jina, na wenzangu ofisini walilitumia, ila yeye hakuona haja ya kulijua.

Kazi yake ilikuwa kuzungukia mahali pa kale na kuangalia ni papi mafuriko yanaweza kupabeba. Tulifuata ile njia ya zamani ya misafara, kutoka Tabora mjini kupita Kwihara, siku nyingine tukaenda Urambo, nyingine Nzega na Igunga. Matembe ya udongo yenye paa bapa, makanisa ya wamisheni wa mwanzo, visima walikonywea wapagazi, magofu ya maboma. Kila mahali alitakiwa aseme hatari ni ndogo, ya kati au kubwa, halafu ashauri kitu cha kufanya. Kazi nzuri hiyo. Ingekuwa kazi ya kipuuzi ningecheka yakaisha. Kinachonikera ni kwamba ilikuwa kazi ya maana, na aliijua kuliko mtu yeyote niliyewahi kumpakia.

Nianze na mdomo wake. Mkaguzi alikuwa analamba kuta. Akifika kwenye tembe, kabla hata ya kusalimia wenyewe, anakwenda kwenye kona ya ukuta, anakwangua udongo kwa ukucha, anauweka kwenye ulimi na kufumba macho. Alisema chumvi ikipanda ukutani ulimi unaijua mapema kuliko jicho, na ukuta wenye chumvi ni ukuta unaokunywa maji kutoka chini. Akishaonja anatema kwenye leso, anaikunja vizuri kama mtu anayekunja cheti, ananinyooshea. "Dereva, weka." Nikawa naziweka mbele ya gari pamoja na karanga zangu, mpaka nikaacha kula karanga. Kuna safari tulirudi na leso za kuta za wilaya nzima, zinanuka udongo na mate ya mtu mwingine, na mimi ndiye niliyezipeleka kwa dobi.

Lakini hakukosea. Lazima niseme hivyo ingawa sipendi. Kijiji kimoja upande wa Nzega mlinzi wa tembe alituapia kwamba ukuta wake ni mzima, baba yake aliukuta na yeye atakufa auache. Mkaguzi akaulamba. Akamwambia, "Mzee wangu, huu ukuta masika ijayo utakaa chini." Mlinzi akacheka mpaka akashika kiuno. Masika ilipofika ukuta ukakaa chini, tena taratibu, bila kishindo, na mlinzi yule tulipomkuta safari iliyofuata hakutaka kututazama machoni.

Na miguu yake. Alikuwa na mabuti ya mpira meupe, marefu mpaka gotini, na katika miaka yote ile sikuyaona na tope zaidi ya mara moja. Sababu ni kwamba tulikuwa tunakagua mafuriko wakati wa kiangazi. Usishangae. Mafuta ya gari yalikuwa yanatoka kiangazi, barabara zinapitika kiangazi, kwa hiyo tulikwenda kuuliza habari za maji huku vumbi linatupalia kooni. Anasimama kwenye uwanja uliopasuka kwa ukame, amevaa mabuti ya mvua, anawauliza watu, "Maji hufika wapi hapa?" Watoto walikuwa wanamcheka, na mimi nilikuwa nageukia pembeni nicheke nao.

Watu nao walimjibu kila mtu kwa hesabu yake. Igunga, mzee mmoja alipiga kifua: maji hufika hapa, Bwana Mkaguzi, tunalala juu ya paa. Jirani yake, nyumba ya pili tu, akasema toka azaliwe hajaona hata tone likivuka ile njia ya ng'ombe. Tuliporudi garini nikamwuliza anaandika la nani. Akachekea puani. "Wa kwanza anataka mabati. Wa pili anaogopa kuhamishwa. Wote waongo, Dereva. Mwangalie mchwa." Akanionyesha vichuguu. Mchwa hajengi panapotuama maji, akasema, na mchwa hana mjumbe wala mwenyekiti wa kumwogopa. Nikajifunza hapo. Mpaka leo nikitaka kujua kiwanja kama kinafaa natafuta kichuguu kwanza, na nikikiona namkumbuka, na nikimkumbuka nachukia kwamba ni yeye aliyenifundisha.

Alipenda udongo, hakupenda watu wa udongo. Akikuta mtu amepiga plasta ya saruji kwenye ukuta wa tembe, alikuwa anapandisha sauti mbele ya watoto wa mtu na wakwe zake. "Mmelivalisha koti la mvua juu ya jasho! Maji yataingia kwa chini yakose pa kutokea!" Alikuwa anasema kweli. Saruji hufungia unyevu ndani ya udongo, ukuta unaoza huku nje unang'aa. Lakini yule aliyepiga plasta alikuwa amejinyima ili nyumba ya babu yake ipendeze, na hakuna aliyewahi kumwambia neno. Angeelezwa tu. Mkaguzi hakueleza mtu, alikuwa anakaripia halafu anaondoka, na nyuma yake anabaki mtu mzima amesimama ameshika ndoo.

Salamu ndiyo usiseme. Alijifunza neno moja la Kinyamwezi, mwangaluka, na akalitumia asubuhi, mchana na jioni, ingawa ni salamu ya asubuhi. Watu wakamwitikia hivyo hivyo jua likizama, maana kwetu mgeni haumbuliwi. Lakini bibi mwenye mgongo uliopinda, aliyemzidi umri kwa mbali, akimwona ameshuka kwenye gari la ofisi na mafaili, alikuwa anapiga goti kidogo na kumwambia shikamoo. Naye anaitikia, "Marahaba." Bila haya. Anaitikia huku anatazama paa. Mara ya kwanza nilidhani hakusikia vizuri. Alisikia.

Nilimpeleka kwetu, nayo ilikuwa njia ya kazi. Kijiji chetu kiko upande wa Kwihara, na kina tembe lake la kale, si lile wanalopelekwa watalii, lile lina wenyewe. Letu lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa zama za misafara, kubwa, limechoka, limeinamia bonde. Mama yangu anakaa chini yake kidogo. Alikuwa mjane wa juzijuzi wakati huo. Akamchinjia Mkaguzi kuku, akasonga ugali, akatandika mkeka mpya. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, na kama mwenye nyumba hayupo duniani, mama huiweka pembeni mwa sahani aamue mwenyewe anampa nani. Mkaguzi hakungoja. Alipekua mchuzi kwa kidole, akaipata, akaitia mdomoni, akasema huku anatafuna, "Hii ndiyo yangu, Bibi, hii ndiyo ya wakubwa." Mama akatabasamu. Kuna tabasamu la mama yangu ambalo mgeni hawezi kulisoma, ila mimi nililisoma, na chakula kikanishinda.

Sasa mtanisuta kwamba namchukia mtu kwa firigisi. Hapana. Ngojeni.

Mkaguzi alikuwa analia. Sijui kama nimewahi kuona mwanaume mzima mwepesi wa machozi namna ile. Alilia kwenye kisima kilichofukiwa. Alilia kwenye mlango wa mbao uliochongwa ambao mtu alikuwa ameutumia kufungia mbuzi. Yalikuwa machozi ya kweli, hakuyakamua. Na mara moja tu, ile mara ambayo mabuti yalipata tope, nilimheshimu mpaka nikajisahau. Ilikuwa Urambo, kwenye kikanisa cha zamani cha udongo huko ndani kwenye mashamba ya tumbaku. Mvua iliwahi ikatukuta huko huko. Maji yakaanza kuja kutoka mashambani, mekundu, yanaelekea moja kwa moja kwenye msingi. Mkaguzi akavua shati. Akachukua jembe la katekista aliyekaa kando ya kanisa akaanza kuchimba mtaro yeye mwenyewe, na tumbo lake kubwa lile, na mvua inampiga mgongoni, anatuita tuje tusaidie. Tukachimba. Viganja vyake vikatoka malengelenge, yakapasuka, akaendelea. Maji yakageuka. Kikanisa kikasimama, na kimesimama mpaka leo.

Akakaa kwenye ngazi ya kanisa anahema, analia kwa furaha, akasema neno lake alilolipenda, "Maji lazima yapewe njia, Dereva. Ukiyapa njia yanakuheshimu." Nikageuka kuangalia hiyo njia tuliyoyapa. Ilikuwa imepita jikoni kwa katekista. Mke wake alikuwa amesimama kwenye maji, anaokota sufuria, mtungi wa unga umeshapinduka, na mtoto wa mgongoni analia. Nikamwambia Mkaguzi, "Mzee, yameingia kwa katekista." Akaangalia. Kweli aliangalia, akaona kila kitu. Akasema, "Lile ni jiko tu, watajenga jingine kesho. Kanisa halizaliwi mara mbili." Akaniomba leso.

Hapo ndipo heshima yangu iliponitoka. Nilikwenda kumsaidia yule mama kuzoa maji, na niliporudi garini Mkaguzi alikuwa ananung'unika kwamba nimekanyagia tope kwenye zulia.

Baada ya hapo nikaanza kuona. Kila aliposhauri kitu, maji yalikuwa yanafukuzwa kwenye kitu cha kale na kukaribishwa kwa mtu. Mahali pengine yalikwenda kwenye majaruba ya mpunga wa watu, pengine kwenye zizi. Nyumba ya mtu, shamba la mtu, hivyo kwake vilikuwa mahali pa kumwagia. Na hakuwa mjinga wa kutojua. Mchwa alimjua, chumvi aliijua, mteremko aliusoma kwa jicho bila kifaa. Alijua maji yanakwenda wapi. Hilo ndilo linalonitapisha.

Sasa nirudi kwetu. Lile tembe la kijiji chetu alilipa hatari kubwa, na hakukosea. Maji yote ya mlimani yalikuwa yanashukia ukuta wake wa nyuma. Ikatakiwa mfereji. Kulikuwa na njia mbili za kuupitisha. Njia ya kwanza ilizunguka mbele ya tembe, ikashuka mpaka mbugani ambako maji hutuama kila mwaka na hakuna mtu. Njia ya pili ilikata kwa nyuma, kwenye uwanda wa vichaka, na kumwaga yote pale chini.

Ule uwanda wa vichaka ulikuwa makaburi. Hauna jiwe hata moja. Ndipo walipozikwa wapagazi, wale waliofia njiani na mizigo ya pembe za ndovu za watu vichwani, na wazee wetu walituzuia kulisha mbuzi pale au kukata kuni. Ukipita unanyamaza. Na ukingoni mwake, kwenye mpaka na kiwanja chetu, alilala baba yangu. Yeye mwenyewe alitaka pale, alisema babu yake alikuwa mpagazi na hataki kumwacha peke yake na watu asiowajua. Tulimwekea msalaba wa mti, mchwa wakaula, tukawa tunajiandaa kujengea kaburi.

Mkaguzi akachagua njia ya pili. Nilimwuliza kwa nini, tukiwa tumesimama naye pale pale. Akasema mfereji ukipita mbele utaharibu sura ya jengo, picha zote zitakuwa na mtaro. Picha.

Nikamwambia, "Mzee, haya ni makaburi."

"Nimeambiwa. Yako wapi? Nionyeshe moja."

Nikamwonyesha la baba. Tuta lilikuwa bado linaonekana, mama alikuwa analifagia kila Jumamosi. Akalitazama, akalizunguka, akainama kana kwamba atalilamba. Nikaona kama anafikiri, nikapata matumaini.

"Huyu ni wa lini?"

"Mwaka juzi, Mzee. Ni baba yangu."

"Pole sana," akasema, na sauti yake ikawa ya upole kabisa. "Lakini la mwaka juzi si urithi, Dereva. Na hao wengine hawana alama. Mimi siwezi kulinda kitu kisichoonekana."

Nikamwomba. Nilimwomba pale, nikamwomba garini, nikamwomba nilipomshusha kwake, mlango ukiwa wazi na mkewe anatusikiliza. Nilimwambia asogeze tu mdomo wa mfereji upande wa pili wa kichuguu kilichokuwa kando ya kaburi, basi, mimi mwenyewe na ndugu zangu tutachimba. Nikamkumbusha mchwa wake: kichuguu kile kilikuwa jirani na baba, maana yake maji hayajawahi kupita pale, sasa yeye ndiye anayeyapeleka. Alimwelewa mchwa, alimwelewa vizuri kuliko mimi. Akasema, "Dereva, wewe endesha."

Mfereji ukajengwa, na wa saruji, yeye aliyekuwa anawatukana watu kwa saruji. Mama alikwenda kuwaona mafundi akawapelekea matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, na maji ya kunywa, akawaomba wageuze kidogo. Wakamwambia, "Mama, sisi tunafuata mchoro." Waliona haya, nasikia mmoja alikwenda kuweka mawe mawili matatu kulizungukia tuta. Mawe hayo mvua ya kwanza iliyachukua.

Masika ile ilikuwa nzito. Asubuhi moja mama akapiga simu. Mama yangu akipiga simu huanza kuuliza wajukuu, halafu hali ya hewa, halafu ndipo anafika kwenye shida. Siku hiyo alisema, "Njoo, baba yako ametoka." Nikadhani amechanganyikiwa. Nikaenda.

Sitaeleza nilichokikuta. Ardhi ilikuwa imekatwa kama mkate, na uwanda wote ule wa vichaka umeshuka bondeni, na kwenye tope jekundu kuna vitu vya watu wengi, vya zamani na vya juzi, vimechanganyika. Mama alikuwa amevaa khanga mbili, moja amejifunga, nyingine ameitandaza, na anaokota. Aliokota yote, hakuchagua. Nikamwuliza tutajuaje ya baba ni ipi. Akasema, "Nitajua. Na nisipojua, na hawa nao ni watu." Tukaokota mpaka mvua ikaturudisha ndani. Mchungaji akatupa nafasi kwenye makaburi ya Wamoraviani, tukamzika baba mara ya pili, yeye na wale aliosafiri nao bila kuwajua. Kwenye mazishi ya kwanza mama alilia sana. Kwenye haya hakulia kabisa, na hilo liliniogopesha.

Nikaenda ofisini kumwambia Mkaguzi. Alinisikiliza, akavua miwani, akafuta macho. Yale machozi yake. Halafu akauliza, "Na tembe?"

Nikamwambia limesimama.

"Alhamdulillahi," akasema. "Alhamdulillahi, Dereva."

Nikaweka funguo za gari mezani kwake juu ya leso yake, nikatoka. Sikumtukana. Watu huniuliza kwa nini sikumtukana, na jibu ni kwamba niliona nikifungua mdomo nitatapika.

Siku hizi naendesha lori la mpunga. Sikumwona tena kwa muda mrefu. Nikasikia amestaafu, nikasikia anaitwa huku na huku kama mshauri, anatembeza wageni kuwaonyesha jinsi majengo ya kale yalivyookolewa na mafuriko. Sikutaka habari zake.

Kiangazi hiki nilikwenda kumtembelea mama. Tulikuwa tumekaa uani tunamenya karanga tukasikia magari. Yalisimama juu kwenye tembe, wakashuka wageni, Wazungu na watu wa Dar, wamevaa kofia. Mbele yao Mkaguzi. Amekonda, mvi zimejaa, mabuti meupe yale yale au mapya, sijui. Akawapitisha nyuma ya tembe, akawaonyesha mfereji wake, akashuka nao mpaka kwenye mdomo wake, ambapo panaishia saruji na kuanzia korongo. Hapo ni jirani kabisa na uani kwetu, kwa hiyo tulisikia yote.

Miaka ile ya kuendesha wageni wa ofisi wanaongea nyuma ya kisogo changu kana kwamba kiti kimeshikwa na gunia, ilinifundisha Kiingereza cha kutosha. Mkaguzi alikuwa anawaambia kwamba hapa palikuwa na makaburi ya wapagazi, watu wasio na jina walioijenga nchi hii kwa mabega yao. Akasema hali ya hewa imebadilika, mvua zimekuwa kali, na kwa bahati mbaya maji yaliyabeba kabla hajawahi kuyaokoa. Sauti ikamkatika. Akalia. Dada mmoja mgeni akamshika mkono. Nilikuwa nimeshika karanga, nikagundua nimezisaga kiganjani.

Halafu akamwona mama. Akamwita, "Bibi, karibu, njoo uwaambie wageni neno. Wewe ni mwenyeji." Mama akajifuta mikono, akajitanda khanga, akaenda. Nikamfuata kwa nyuma.

Mama aliwasalimia wote. Akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama anavyosema kanisani, "Mimi wapagazi siwajui, niliwakuta wamelala. Namjua mume wangu. Alikuwa hapa. Maji ya huu mfereji yakamtoa, na tulimwomba huyu bwana asiulekeze kwake, hakutusikia. Tuliokota tulichoweza. Mengine yako huko chini bondeni mpaka leo, na watu wanalima juu yake."

Mkaguzi akatikisa kichwa kwa huzuni mpaka mama akamaliza. Akageukia wageni akatafsiri. Akasema bibi anawapa pole kwa safari, anasema mababu zake walilala hapa, na kwa niaba ya kijiji anashukuru kwamba angalau tembe lao limelindwa kwa ajili ya wajukuu.

Wageni wakapiga makofi.

Mama akanigeukia. "Wanapiga makofi ya nini?"

"Amewaambia umeshukuru."

Mama aliwatazama wale watu mmoja mmoja, akamtazama na Mkaguzi ambaye alikuwa anamchekea. Akasema, "Kawaambie sijashukuru. Shukrani yangu ninayo, sijampa mtu."

Nikasogea mbele yao. Nikasema kwa Kiingereza changu cha kuungaunga kwamba mama hakushukuru. Nikasema baba yangu alizikwa hapa na maji ya mfereji huu yalimtoa, na kwamba huyu bwana alijua yatakwenda wapi kabla haujachimbwa. Nilisema polepole nisikosee.

Mkaguzi akanitambua hapo. Akatabasamu, akaniwekea mkono begani, akawageukia wageni na kunitafsiri. Kiingereza changu akakitafsiri kwa Kiingereza chake. Aliwaambia huyu ni kijana wa bibi, alikuwa dereva wangu, anasema mmekaribishwa chai.

Wengi wakanishukuru, wakaanza kuelekea uani kwa mama. Mmoja, mwanamke mtu mzima mwenye daftari kwapani, hakwenda nao. Alikuwa amenisikia mimi. Akaniuliza baba yangu alikuwa amelala sehemu gani hasa.

Nikanyoosha kidole. Mkaguzi alikuwa amesimama papo hapo, mabuti yake yote mawili yako pale saruji inapoishia, na yule mgeni mwenye daftari akafuata kidole changu mpaka kwenye miguu yake. Akaniangalia, akamwangalia tena. Mkaguzi alikuwa ameelewa kwa nini anatazamwa. Hakusogea.